Mambo ya kuzingatia kabla hujalala, kama una ADHD na jinamizi hukukaba

Mdogo wangu ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza fikra, na kazi yake ni kuvua dagaa. Wakati wa giza wanaingia ziwani jioni na taa zao, wanarudi alfajiri. Mbalamwezi ikishika wanapumzika, naye anajaribu kulala usiku kama watu wengine. Siku hizo za kugeuza usingizi ndizo jinamizi humkaba. Akili inaamka, mwili hauinui hata kidole, na kifuani anahisi kama kuna mtu kamkalia.

Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusitende tunachokiota. Ukizinduka kabla misuli haijafunguliwa, unakuwa macho huku mwili umefungwa, na ndoto bado inaendelea. Ndiyo maana unaona mtu amesimama mlangoni. Misuli mikuu ya kupumulia na ile ya macho haifungwi. Utahisi unanyongwa, lakini pumzi ipo, na hali yenyewe hupita kwa sekunde au dakika chache. Karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja.

ADHD haimkabi mtu. Inachofanya ni kuuharibu usingizi: kwa wengi usingizi huchelewa kuja, kichwa hakitulii, simu ya dakika tano inafika saa nane usiku. Usingizi pungufu na wa saa zisizoeleweka ndio unaomwita jinamizi.

Kwa hiyo maandalizi huanza mchana. Akitoka ziwani mara ya mwisho kabla ya mbalamwezi, mdogo wangu hauachii usingizi umchukue mpaka jioni. Analala hadi adhuhuri, kisha anatoka nje juani, maana mwanga wa mchana ndio unaoirudisha saa ya mwili. Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vinaishia hapo adhuhuri; baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Pombe ya kutafutia usingizi ni mtego: inakulaza haraka, halafu usiku wa manane ndoto zinakuja kwa fujo. Kama unatumia dawa za ADHD, muulize daktari saa ya kuzimeza, kwani nyingine zikichelewa hukufukuzia usingizi. Usiziache kwa uamuzi wako.

Mwenye ADHD akisema "nalala sasa hivi", usimhesabie. Tumemwekea kengele ya saa tatu na nusu usiku, ya kuanza kujiandaa: anaoga, anashusha chandarua, simu inachajiwa chumba kingine. Analala ubavu, mto ukiwa mgongoni ili asigeuke chali, kwa sababu wengi hukabwa wakiwa chali.

La watu wa nyumbani nalisisitiza zaidi. Usiku mmoja kwetu Igombe nilisikia akihema vifupi vifupi. Nikamulika: macho yake wazi, yamekazia paa la chandarua, mdomo hausemi. Nilimshika bega nikamwita jina, akavuta pumzi ndefu akakaa. Alilia. Alikuwa ameficha jambo hili miaka miwili akihofia kuambiwa amerogwa. Basi mwambieni anayelala chumba kimoja nanyi, au wenzenu wa kambini, mapema, mchana: mkiona hivi, niguseni. Anayetaka dua aombewe, hiyo haizuii mengine. Na ukiwa peke yako, usipambane kuinuka mwili mzima. Chezesha ncha ya kidole cha mguu au ulimi, pumua polepole.

Kabla ya kwenda kliniki ya afya ya akili, iwe hospitali ya Bugando, Mwanza, au kwingine, andika wiki mbili: saa ya kulala, ya kuamka, ulilalaje, ulikunywa nini. Daftari litapotea, tunajua. Tumia kalenda ya ukutani, kalamu ifungwe kwa uzi hapo hapo.

Mwambie daktari waziwazi kama unasinzia mchana hata baada ya kulala vya kutosha, au magoti yanalegea ghafla ukicheka. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa usingizi, narkolepsi, ambao wakati mwingine hudhaniwa ni ADHD. Mwenye dalili hizo asipande mtumbwi wala pikipiki kabla hajaonwa.