Kupanda ufa bila kuchunika mikono
Ukitoka Nairobi kwenda kupanda miamba ya Lukenya, usining'inie ukingo wa ufa wa mwamba. Mikono itachoka mapema. Ingiza kiganja kikiwa bapa, gumba juu, kisha likunje kuelekea kidole cha mwisho: nyama ya chini ya gumba hutuna na mkono unakwama. Ukishakwama usiuzungushe, hapo ndipo ngozi huchunika. Mguu uingize kwa ubavu, goti likiwa nje, halafu lirudishe wima. Miguu ndiyo ibebe uzito. Kabari ya chuma, ile inayokwama ufani kushika kamba ukianguka, ikae pale ufa unapojibana kuelekea chini. Ivute kwa nguvu, kisha iunge na kamba kwa utepe (kitanzi cha mkanda) wa sentimita 60, la sivyo kamba itaitikisa na kuing'oa wewe ukiwa juu.