Usukani wa Mashua Unapocheza: Namna ya Kujua Ulegevu Umeanzia Wapi

Usukani wa mashua ndogo ya tanga hulegea polepole, na kwa sababu hiyo nahodha huuzoea mlio wake kabla hajauona ubovu wenyewe. Chombo kikienda joshi, yaani kikipanda kuelekea upepo unakotoka, maji huusukuma usukani upande mmoja bila kuachia, nafasi zote zilizolegea hubanwa, na kila kitu huonekana kiko sawa. Upepo unapokuwa wa nyuma, au chombo kinapolala nangani huku mawimbi madogo yakikipiga tezini, yaani sehemu yake ya nyuma, ndipo hugonga. Mlio huo hauonyeshi ni kiungo gani kilicholegea, na kosa ninaloliona mara nyingi hapa mwambao ni fundi kuagizwa pini mpya za bawaba zinazoushika usukani kabla mtu yeyote hajauliza kama pini ndizo zilizokwisha.

Ngoja maji yapwe, chombo kikae mchangani kikiwa kimeegemezwa vizuri, kisha mwombe mwenzako aushike ubapa wa usukani kwa mikono miwili, chini kabisa, asiuache usogee. Wewe shika ncha ya kana, yaani mkono wa kugeuzia usukani, na uisukume taratibu kulia na kushoto. Kana ikicheza ilhali ubapa umetulia, ulegevu uko juu, pale kana inapoingia kwenye kichwa cha usukani. Ulegevu wa hapo huonekana mkubwa kuliko ulivyo: tundu la kina cha sentimita 10 likiwa na nafasi ya milimita 2 tu, ncha ya kana yenye urefu wa mita 1 itatembea kama sentimita 2 kila upande. Nahodha atadhani usukani mzima umeharibika, kumbe kinachohitajika ni kabari ya mti mgumu iliyochongwa ikakaa sawasawa. Vipande vya mpira na vitambaa havifai, kwa kuwa hukandamizika na tundu huendelea kulika.

Kana ikiwa imara, badilishaneni: mwenzako aizuie kana, nawe uusukume ubapa upande kwa upande karibu na bawaba ya chini, halafu karibu na ile ya juu. Hapa jicho halitoshi. Laza kidole gumba nusu kwenye pini na nusu kwenye pete inayoishika, maana kidole huhisi msogeo ambao jicho haliuoni. Kisha kihamishe, nusu kwenye bamba la bawaba na nusu kwenye fashini, yaani ule mti wa tezi unaobeba usukani. Mchezo ukiwa kati ya pini na pete, chuma kimelika. Ukiwa kati ya bamba na mti, bolti zimelegea au mti wenyewe umeoza.

Hali hii ya pili ndiyo ninayoihofia zaidi. Michirizi ya kutu inayoteremka kutoka kwenye kichwa cha bolti ni dalili kwamba maji yamepata njia. Dunga mti kuizunguka bolti kwa ncha ya kisu chembamba: mti mzima hukataa, uliooza huipokea. Kukaza nati juu ya mti wa namna hiyo huleta uimara wa muda tu, kwani bamba huzama ndani ya uozo na kulegea tena. Angalia pia kama bolti za shaba zimefungwa kwenye bamba la chuma cha kawaida, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa.

Ukishathibitisha kwamba ni pini, uvue usukani. Pima unene wa pini kwa kalipa mahali ambapo pete haifiki, kisha mahali inapozunguka, tena kwa pande mbili tofauti, kwani pini hulika zaidi upande mmoja na tundu la pete hugeuka umbo la yai. Kwa maoni yangu, pini iliyopoteza sehemu moja ya kumi ya unene wake isirudishwe majini.

Usukani ukisharudishwa mahali pake, uinue wima kwa nguvu. Ukipanda hadi pini zikakaribia kutoka kwenye pete, fungu la mchanga linaweza kuung'oa chombo kikiwa safarini, kwa hiyo weka kizuizi juu ya pini na uufunge usukani kwa kamba madhubuti kwenye tezi.