Jaribu kurejesha nakala kwenye kompyuta nyingine

Ukitumia Duplicati kuhifadhi nakala, chomeka diski yenye nakala kwenye kompyuta nyingine iliyo na programu hiyo, rejesha faili moja, tuseme hesabu za duka za Excel, kisha lifungue ulisome. Ujumbe kwamba kazi imekamilika hauthibitishi kwamba folda uliyoitaka ilichaguliwa, wala kwamba nywila unaikumbuka. Na nywila ndiyo ya kuogopa zaidi: nakala kwa kawaida hufungwa kwa AES-256, njia imara ya kuficha data kwa nywila, ukiisahau hakuna wa kukufungulia. Iandike kwenye karatasi, ikae mbali na kompyuta. Jaribio hili halitakuokoa kama diski inabaki imechomekwa saa zote; virusi vya kudai fidia vikiingia vinaweza kufunga mafaili pamoja na nakala zake.