Gramafoni inavuma? Usikimbilie sabufa

Wiki mbili zilizopita niliitwa Kikuyu, hapa Dodoma, kwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Ana santuri kama sitini, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 za bendi za miaka ya 1970, zilizochapwa Nairobi. Mwanawe alimletea gramafoni ya mtumba, na walipoona sauti hairidhishi wakaongeza sabufa kubwa. "Mwanangu," mzee akaniambia, "mwimbaji namsikia, lakini yumo ndani ya pipa, na humo kwenye pipa kuna nyuki." Tukakaa Jumamosi nzima. Magharibi ilipoingia nyuki walikuwa wamehama, mwimbaji ametoka kwenye pipa, na sabufa ilikuwa imezimwa.

Naandika tulichofanya kwa sababu swali hilihili huletwa kibandani kwangu mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza ameshatumia fedha upande usiohitaji fedha. Katriji ya sumaku, yaani kile kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Kosa lolote lililo kwenye sindano, kwenye mkono unaobeba katriji au kwenye nyaya zake nyembamba hukuzwa mara mamia kabla ya kufika kwenye spika. Ukinunua amplifaya kubwa zaidi, umelikuza kosa hilo zaidi. Anzia kwenye sindano, kisha teremka nayo mpaka kwenye spika.

Hatua ya 1: Soma kibati cha nyuma kabla ya kuchomeka

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Gramafoni za soko la Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukizichomeka hivihivi zinaungua. Transfoma ya kushusha umeme inatibu volti lakini haigusi hezi. Mashine ya Marekani yenye mota inayofuata hezi 60, hapa kwetu itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita: mizunguko 33⅓ kwa dakika inakuwa kama 27.8, na sauti ya mwanamke inageuka ya mwanaume. Japani mashariki wana hezi 50 na magharibi wana 60, ndiyo maana mashine nyingi za kwao zina swichi au puli ya kubadilishia. Inua sahani inayobeba santuri uitafute. Zenye mota ya DC hazina shida hii.

Hatua ya 2: Ikae sawa, na ikae mbali na spika

Tumia pima maji ya mwashi, ile fupi. Iweke juu ya sahani yenyewe, siyo juu ya meza, uipime kwa urefu na kwa upana. Programu za simu siziamini kwa kazi hii. Simu nyingi zina kamera iliyotuna mgongoni, kwa hiyo hazilali sawa.

Chini ya gramafoni mimi naweka kipande cha granaiti. Pita kwa mafundi wanaokata vibao vya jikoni, masalio hayakosekani. Chini ya jiwe weka miguu minne iliyokatwa kwenye soli ya ndala, sentimita tano kwa tano. Jiwe ni zito, ndala ni laini, na viwili hivyo pamoja hunyonya mtikisiko vizuri kuliko miguu mingi ya dukani niliyowahi kujaribu.

Gramafoni ya mzee ilikuwa imekaa juu ya sabufa. Besi ikitoka inaitikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko ule kwenye amplifaya, amplifaya inautoa tena kwenye sabufa, na mzunguko unaendelea hadi unasikia ngurumo. Lile pipa lilikuwa hapo. Tuliihamishia upande wa pili wa sebule, na nusu ya malalamiko ikaisha kabla hatujafungua skrubu hata moja.

Hatua ya 3: Sindano na uzito wake

Kama huijui historia ya sindano, nunua mpya. Audio-Technica, kwa mfano, wanakadiria saa 500 kwa sindano yenye ncha ya duara na saa 300 kwa ile ya yai. Kwa santuri za zamani za Afrika Mashariki ambazo zimeshapigwa sana, napendelea ncha ya duara, na hapo huwa sibishani na mtu. Ya yai huingia kwa undani zaidi na kuchokonoa kila kovu. Ya duara huvumilia.

Uzito: sogeza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, sawia kama mizani, kisha geuza pete ya namba isome sifuri, halafu zungusha vyote pamoja mpaka kipimo cha katriji yako. Ortofon 2M Red ni gramu 1.8, AT-VM95E ni gramu 2, AT3600L ni karibu gramu 3.5. Baada ya hapo hakikisha kwa mizani ndogo ya kidijitali, ya aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu, yenye kusoma hadi gramu 0.01. Sahani ya mizani ikiwa ya chuma sumaku ya katriji itaivuta na utasoma uongo, kwa hiyo weka kipande cha plastiki juu yake na uanzie sifuri upya. Sindano itue kwenye kimo kilekile cha santuri.

Watu wengi huogopa uzito na kuupunguza "ili santuri isiumie". Sindano nyepesi kupita kiasi huruka-ruka ndani ya mfereji na kuchimba kuta zake. Ukiwa na shaka, kaa upande wa juu wa kipimo cha kiwanda.

Kunyoosha katriji: chapa karatasi ya protrakta, ile yenye mistari ya kupangia katriji, kwa asilimia 100, ipime kwa rula kabla ya kuitumia, kisha fuata mistari. Wenye Technics SL-1200 pimeni milimita 52 kutoka ncha ya sindano hadi kwenye shingo ya kichwa, inatosha.

Hatua ya 4: Fono siyo AUX

Santuri huchongwa kwa besi iliyopunguzwa na sauti nyembamba iliyoongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA. Besi ikiachwa ilivyo mifereji ingekuwa mipana mno. Lazima kiwepo kifaa cha kurudisha vyote mahali pake, yaani priampu ya fono. Gramafoni nyingine inayo ndani, na nyuma kuna swichi ya PHONO na LINE. Ukiingiza sauti ya PHONO kwenye AUX ya sabufa, yaani tundu la sauti ya kawaida, utapata muziki dhaifu, mkavu, usio na besi. Ndipo watu hukimbilia kununua sabufa ya pili. Na usipitishe priampu mbili kwa mpigo.

Hatua ya 5: Mvumo

Hapa chukua chai, kwa sababu mimi mwenyewe hatua hii ilinila usiku tatu.

Kwanza sikiliza vizuri. Santuri isizunguke, ongeza sauti taratibu. Ukisikia "mmmm" nene, huo ni mvumo wa umeme wa nyumbani. Ukisikia "zzzz" kali, tafuta chaja ya simu au taa iliyo karibu, chomoa kimoja kimoja. Kama sauti inatokea sahani ikizunguka tu, huo siyo mvumo wa umeme. Angalia mota, mkanda na beringi.

Pili, unavuma upande mmoja au pande zote mbili? Swali hili ningejiuliza usiku ule wa kwanza, ningelala mapema. Kama ni upande mmoja, zima amplifaya, badilishana jeki nyekundu na nyeupe pale zinapoingia kwenye priampu, washa tena. Mvumo ukihamia spika ya pili, ugonjwa uko kwenye gramafoni au waya wake. Ukibaki palepale, uko kwenye priampu au mbele yake.

Wangu ulikuwa kushoto. Sikufanya jaribio hilo. Nilinunua waya mpya wa RCA, nikahamisha priampu, nikabadilisha soketi, nikazungushia waya karatasi ya foili. Usiku wa tatu nikafungua kichwa cha mkono na kuimulika kwa tochi. Nyuma ya katriji kuna nyaya nne: nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na bluu ni za kushoto. Kibanio cha bluu, ambacho ndicho kinachorudisha mkondo wa kushoto, kilikuwa kimelegea na kuota kutu ya kijani. Nikakisugua, nikakibana kidogo, kimya kikaja.

Tahadhari za hapo, na zote zina sababu. Zima amplifaya kabla ya kugusa, maana mshindo mmoja unatosha kuua spika. Vuta kibanio kwa koleo ndogo, usivute waya. Kikaze kikiwa nje ya pini, kwa kukibana huku kijiti cha meno kikiwa ndani yake, usikibane kikiwa kwenye pini. Na usithubutu kuyeyusha risasi kwenye pini za katriji. Joto linapanda mpaka kwenye koili iliyosukwa kwa waya mwembamba kuliko unywele, na katriji imekufa.

Kama mvumo uko pande zote mbili, tafuta waya mwembamba wa ethi unaotoka pamoja na RCA, wenye ncha ya uma. Unafungwa kwenye skrubu ya GND ya priampu. Kama hakuna skrubu, tumia skrubu yoyote ya bodi ya chuma, lakini hakikisha imegusa chuma, kwani rangi haipitishi umeme. Mashine nyingine hazina waya huu kabisa kwa sababu ethi yake inapita ndani ya RCA.

Kwa mzee waya huo ulikuwa umefungwa vizuri na bado nyuki walivuma. Nikachomoa kila kitu kilichoungwa kwenye amplifaya, kimoja baada ya kingine. Nilipofungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kimya. King'amuzi kilikuwa kimeungwa kwenye amplifaya ileile ili asikilize taarifa ya habari kwa sauti kubwa, na waya wa dishi ulikuwa unaleta njia ya pili ya ethi kutoka juu ya paa. Njia mbili za ethi zikikutana, mkondo unazunguka kati yake na unausikia kwenye spika. Ukiwa na king'amuzi, anza nacho. Vifaa vyote vya muziki vichomeke kwenye ekstensheni moja iliyo nzuri, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa ethi ya nyumba. Nyumba nyingi nilizoingia soketi ina matundu matatu, ila la ethi halijaungwa popote. Dalili yake ni bodi ya amplifaya inayokuwasha vidole ukiipapasa. Hata ilipoungwa, ardhi ya Dodoma kiangazi inakauka sana, na fimbo ya ethi kwenye udongo mkavu haipitishi umeme inavyotakiwa. Mwite fundi umeme mwenye leseni aipime. Kuna watu hukata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uondoke, na wengine huunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi. Njia zote mbili zinaweza kuua mtu, na mvumo haustahili gharama hiyo. Mimi ni fundi redio. Soketi za ukutani namwachia mwenye kazi yake.

Mwisho, transfoma ya amplifaya. Shika mkono wa gramafoni, upeleke polepole juu ya sahani kutoka nje hadi katikati huku sauti ikiwa juu kiasi. Mvumo ukipanda na kushuka kwa mwendo wa mkono, kuna transfoma karibu. Isogeze. Nusu mita mara nyingi inatosha.

Hatua ya 6: Kasi

Karatasi ya nukta juu ya sahani inayozunguka, ikimulikwa na balbu ya zamani ya waya inayopata moto, basi. Kwa hezi 50 nukta ni 180 kwa 33⅓ na 133 kwa 45. Zikionekana zimesimama, kasi ni sahihi. Balbu nyingi za LED hazimeti vya kutosha na zitakudanganya. Karatasi ya hezi 60 nayo itakudanganya. Mkanda uliolegea ubadilishwe, usitie rababendi.

Hatua ya 7: Vumbi letu

Maji ya bomba ya Dodoma yanatoka visimani, ni magumu, yakikauka yanaacha chumvi nyeupe ndani ya mifereji. Osha santuri kwa maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, yale ya vituo vya mafuta, na usome lebo mara mbili uhakikishe siyo asidi. Tone moja la sabuni ya maji kwa lita. Brashi laini ifuate mifereji, mzunguko kwa mzunguko, usiikatize. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, simamisha kivulini. Kibandiko cha katikati kikae kavu.

Spiriti siitumii. Na kwa santuri nzito za mizunguko 78, za enzi zile Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, ni marufuku kabisa: hizo ni za shelaki, na spiriti inaiyeyusha. Hizo pia zina sindano yake pana. Ya kawaida itazama chini ya mfereji na kusoma mchanga.

Hewa ikiwa kavu santuri hujaa umemetuli na kuvuta vumbi ukiitoa tu kwenye jalada. Brashi ya nyuzi za kaboni, mizunguko mitatu, kabla ya kila upande. Sindano ifagie kutoka nyuma kuja mbele, kamwe usirudishe.

Mzee hivi sasa hupiga santuri zake alfajiri, kabla upepo haujaamka, madirisha yakiwa yamefungwa. Brashi ameifunga kwa uzi kwenye mfuniko wa gramafoni, wajukuu wasiondoke nayo.