Jumla ya risiti kabla hujafika kwa keshia

Shuleni tulifundishwa kujumlisha kuanzia mamoja, kulia kwenda kushoto. Kwenye karatasi ni sawa, ila kichwani huo ni mzigo. Dukani anza na tarakimu kubwa.

Tuseme umechukua vitu vya sh 2,850, 1,200, 4,750, 3,300 na 950. Kila bei ipeleke kwenye elfu iliyo karibu: 3, 1, 5, 3, 1. Hiyo ni 13,000, umeipata kabla simu haijafunguka. Ukitaka jumla kamili, rekebisha chenji tu: toa 150, ongeza 200, toa 250, ongeza 300, toa 50. Inabaki 50 ya kuongeza, kwa hiyo ni 13,050.

Angalia jambo moja. Maduka mengine bei zote huishia 900 au 950. Hapo kila ukikadiria unapandisha, na makadirio yatazidi jumla halisi. Kama lengo ni kujua hela mfukoni itatosha, hiyo haina shida, tena ni kinga nzuri.

Na kwa wenye daftari la mauzo: jumla mbili zinazopaswa kulingana zikigoma, gawanya tofauti kati yake kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kagua kwanza kama kuna tarakimu mbili jirani zilizopishana, mfano 5,400 kuandikwa 4,500 (tofauti 900). Si lazima iwe hivyo, lakini mimi huanzia hapo kabla ya kujumlisha ukurasa mzima upya.