SHA: jisajili kwa laini yako, si ya mume

Akina mama wa Lamu wenye waume wavuvi, bonyeza *147# ujisajili SHA (mamlaka ya serikali ya bima ya afya) kwa laini yako mwenyewe. Kituo cha afya kikituma namba ya uthibitisho, inaenda kwenye laini iliyosajiliwa. Bwana akiwa nayo baharini huko Kiwayu, utakaa benchini na mtoto ana homa mpaka arudi. Kusajiliwa ni bure, na ukishasajiliwa matibabu ya msingi zahanati ya serikali hulipi hata kama hujachanga. Pesa ya kumwona daktari yabaki ya unga na mafuta. Lakini kulazwa ni habari nyingine: sharti mchango wa mwaka uwe umelipwa, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Na dawa zikiisha zahanati (huisha!), utanunua dukani.