Kijiti cha mbwa dume: kumhasi kwa muda bila kisu

Ukifuga mbwa dume ughaibuni, suala la kumhasi halikuachi. Mwenye nyumba atakuuliza kabla hajakupa funguo. Kituo cha kulelea mbwa mchana kitakuambia kinapokea madume mpaka umri fulani, na baada ya hapo lazima wawe wamehasiwa. Tena ukihama nchi, lililokuwa jambo la kawaida ulikotoka linageuka jambo la kujieleza ulikofika. Norway, sheria ya ustawi wa wanyama hairuhusu kumwondolea mnyama kiungo bila sababu ya msingi, kwa hiyo daktari anaweza kukataa kumhasi mbwa mzima wa afya kwa sababu tu wewe umetaka. Ujerumani nako sheria inaanza na katazo, ndipo inataja hali zinazoruhusiwa.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi wetu tunaisikia kwa mara ya kwanza kwa daktari wa wanyama, tukiwa tumesimama na kamba mkononi, katika lugha ambayo si yetu: kijiti cha homoni. Nimeishi nacho kupitia mbwa wangu, Duma, na nimeona wenzangu wakikosea palepale nilipokosea mimi. Makosa yetu yote yalikuwa ya kalenda.

Jina lake la kibiashara ni Suprelorin, na dawa iliyomo inaitwa deslorelini. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiruhusu mwaka 2007. Kuna vya miligramu 4.7, ambavyo humfanya dume kuwa tasa kwa angalau miezi 6, na vya miligramu 9.4, kwa angalau miezi 12. Kwa umbo ni kijiti cheupe chenye unene wa milimita 2.3 na urefu unaozidi sentimita moja kidogo. Mwanamke aliyewahi kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkononi atadhani anakijua tayari, lakini homoni yake ni nyingine kabisa, na hiki hakihitaji kutolewa muda wake ukiisha.

Ukielewa kinavyofanya kazi, mengine yote yanajieleza. Ubongo wa mbwa hutoa homoni iitwayo GnRH kwa vipindi, kidogo sasa, kidogo baadaye. Homoni hiyo huiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo pituitari huziamuru korodani zitengeneze testosteroni, yaani homoni ya kiume, na mbegu. Deslorelini ni mfano wa GnRH wenye nguvu zaidi, na kijiti kinaitoa mfululizo, usiku na mchana. Mtu akikupigia hodi mara moja unakwenda kumfungulia. Akigonga kutwa kucha bila kupumzika, unafika mahali huitiki tena. Pituitari nayo hufanya hivyo: inaacha kuitika, amri kwa korodani zinakatika, testosteroni inashuka.

Lakini kabla haijaacha kuitika, inaitika kwa nguvu zote. Hapa ndipo watu wanapopatwa. Siku za mwanzo, na kwa baadhi ya mbwa wiki chache za mwanzo, testosteroni inapanda badala ya kushuka. Wiki ya pili Duma aliuendea mguu wa meza ya sebuleni, akaunusa taratibu kama anayesoma, akainua mguu na kukojoa, jambo ambalo hakulifanya ndani ya nyumba tangu akiwa mtoto. Nje alikuwa akiramba mkojo wa jike kwenye nyasi, kisha anasimama amekodoa macho, taya zikitetemeka na meno yakigongana, povu jepesi pembeni ya mdomo. Niliamini kijiti kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika, kilikuwa kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa, na hakuna aliyekuwa amenieleza. Mbwa aliyekuwa na ugomvi kidogo anaweza kuwa mgomvi zaidi kipindi hiki. Mtembeze saa tulivu, mweke mbali na madume wenzake, na usimuadhibu kwa kitu kinachotoka ndani ya damu yake.

Kipindi hichohicho bado ana uwezo wa kuzalisha. Mbegu zilizokwisha kutengenezwa zipo. Kwa kijiti cha 4.7 hesabu wiki 6 kamili, na kwa cha 9.4 hesabu wiki 8, ndipo umwone kuwa tasa, na katika wiki hizo asikaribie kabisa jike aliye kwenye joto. Kama nyumbani kuna jike ambaye hajahasiwa, watenganishe kwa mlango wenye komeo. Najua familia iliyopata watoto wa mbwa wasiotarajiwa kwa sababu waliridhika siku ileile kijiti kilipowekwa.

Dalili iliyo wazi kwamba dawa imeshika ni korodani kunywea. Mwombe daktari azipime siku ya kuweka kijiti na aandike kipimo, ili baadaye usitegemee kumbukumbu ya macho. Zisipopungua baada ya muda huo, ahakikishe kama kijiti bado kipo chini ya ngozi, maana huweza kudondoka kikiwekwa vibaya, na apime testosteroni kwenye damu. Kwa Duma, wiki ya nane mfuko ulikuwa laini na umelegea, na kwenye matembezi alipita nguzo tatu mfululizo bila kusimama. Nilisimama mimi.

Sasa swali gumu zaidi, kama mbwa wako anakifaa. Kijiti kinapunguza yale yanayosukumwa na testosteroni: kutoroka akifuata harufu ya jike, kupanda mbwa wengine, kukojoa kila kona, kukosa hamu ya kula na kulia usiku kucha jike wa jirani akiwa kwenye joto. Kwa mbwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba kwa sababu ya homoni kinasaidia pia, na ni faraja kubwa ikiwa moyo wake au pua yake fupi inafanya dawa ya usingizi kuwa hatari. Lakini mbwa anayebweka na kuruka kwa woga hatatulizwa na kijiti. Testosteroni huwapa baadhi yao ujasiri, na ikishuka woga unaweza kuongezeka. Hapa ndipo ninapokithamini kijiti kuliko mahali pengine popote: kinakuonyesha mbwa wako atakuwaje bila testosteroni kabla hujafanya jambo lisilorudi nyuma. Kama kubweka kwake hakukubadilika miezi yote hiyo, kisu nacho kisingekubadilisha, na fedha hizo zimfae mkufunzi wa mbwa.

Wapo wasiokifaa kabisa. Dume ambaye korodani moja imebaki tumboni anahitaji upasuaji, kwa kuwa korodani iliyobaki ndani ina hatari kubwa ya kupata uvimbe wa saratani, na kijiti hakiiondoi. Mbwa mwenye kifafa, mweleze daktari mapema, kwa sababu degedege imeripotiwa baada ya kijiti, ingawa ni nadra sana. Dume mdogo asubiri abalehe kwanza. Wengine hukimbilia kijiti kwa mtoto wa mbwa wa kabila kubwa wakisema hivyo wanailinda mifupa yake dhidi ya madhara ya kuhasiwa mapema. Hoja hiyo haisimami: mifupa inayokua inaathirika na kukosekana kwa homoni, na kijiti kinaziondoa homoni hizohizo.

Kuhusu majike nitasema kwa ufupi. Usimwekee jike mzima kwa kuiga wenye madume. Ule mruko wa homoni wa mwanzo unaweza kumwingiza kwenye joto. Ulaya kijiti cha 4.7 kinaruhusiwa pia kwa majike wachanga, kikiwekwa wakiwa na umri wa wiki 12 hadi 16, ili kuchelewesha joto la kwanza. Dirisha hilo likifungwa limefungwa.

Siku yenyewe ni fupi mno. Daktari anashika ngozi iliyolegea mgongoni, mahali kati ya shingo na kiuno, anaepuka penye mafuta kwa sababu dawa haitoki vizuri humo, anaingiza sindano nene na kukiacha kijiti chini ya ngozi. Hakuna kulazwa, na mbwa wengi hawahitaji dawa ya usingizi. Sindano ni nene kweli, kwa hiyo kama mbwa wako huogopa, omba ganzi ya ngozi. Baadhi ya madaktari huweka karibu na kitovu ili iwe rahisi kukitoa ikibidi. Uliza kimewekwa wapi. Omba pia wamsome chipu yake ya utambulisho kwanza kwa mashine, usije siku moja ukapapasa kauvimbe kadogo ukadhani ni kijiti kumbe ni chipu. Uvimbe mdogo mahali palipochomwa unaweza kukaa hadi wiki 2. Asiogeshwe siku chache, na watoto wasimkandekande hapo. Mwanamke mjamzito asiwe ndiye anayekiweka wala kukishika kijiti chenyewe. Kumshika mbwa baadaye hakuna shida.

Kisha chakula. Mwili usio na testosteroni hutumia nguvu kidogo, na hamu ya kula kwa wengi huongezeka. Duma alianza kuja jikoni saa ambazo hakuwahi kuja. Punguza kipimo kabla hajanenepa, na mpime uzito kila mwezi kwenye mizani ya kliniki. Baadhi ya mbwa hubadilika manyoya yakawa kama sufi, na wachache hushindwa kuzuia mkojo. Ukiona hayo mpigie daktari. Usiseme ni uzee.

Mwisho wa kijiti ndio unaosahaulika kuliko mwanzo wake. Kinaisha polepole, na kila mbwa kwa siku zake. Kwa kijiti cha 4.7, zaidi ya asilimia 80 ya madume walirudi kwenye testosteroni ya kawaida ndani ya miezi 12 tangu kuwekewa, na asilimia 98 ndani ya miezi 18. Mbwa wadogo wa mwili hukaa muda mrefu zaidi. Hii ina maana mbili zinazovutana. Kama hutaki azalishe, miezi 6 au 12 ikitimia usijiambie kuwa pengine bado kinafanya kazi. Kama unataka azalishe baadaye, usimwahidi mwenye jike tarehe, na daktari apime shahawa kwanza. Mwenye dume wa thamani ambaye uzalishaji ndio lengo kuu, ushauri wangu ni asikiguse, au ahifadhi shahawa kwanza.

Ukitaka kuendelea, cha pili kiwekwe kabla cha kwanza hakijaisha nguvu. Pituitari ikiwa bado imenyamaza, mruko ule wa mwanzo kwa kawaida haurudi. Ukichelewa mpaka korodani zikaamka, unaanza upya, meza na mkojo na yote.

Kwa sisi tunaohamahama, ratiba hiyo inagongana na viza na mikataba ya kazi, na hapa nataka uwe makini sana. Kijiti hakipatikani kwa mbwa kila nchi. Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, imekiorodhesha kwa ajili ya ugonjwa wa tezi za adrenali, zilizo karibu na figo, wa fereti tu, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, na daktari wa huko haruhusiwi kukitumia kwa mbwa. Ukihamia huko na dume mwenye kijiti hakuna kosa, ila kitaisha akiwa huko na hutapata cha kurudia. Kwa hiyo kama uhamisho uko mbele yako, amua kabla ya kufunga mizigo: utamwacha arudi kuwa dume kamili, au atahasiwa kwa upasuaji? Mpasuaji naye lazima aambiwe kuwa mbwa alikuwa na kijiti, maana atakuta korodani ndogo kuliko kawaida.

Kituo cha kulelea mbwa au mwenye nyumba anayedai mbwa aliyehasiwa, muulize kwa maandishi kama anakubali kijiti. Wengine wanakubali kwa barua ya daktari yenye tarehe ya kuisha, wengine hawakubali hata kidogo, na ni heri kujua kabla ya kusaini. Barua hiyo iwe na jina la dawa, dozi, tarehe na mahali kilipowekwa mwilini, na hayohayo yaandikwe kwenye pasipoti ya mnyama. Nchi mpya hawatasoma kumbukumbu za kompyuta za kliniki uliyoiacha, na jina deslorelini linaeleweka kwa daktari wa wanyama yeyote hata kama lugha yako ya pale ni ya kuombea maji.

Kijiti cha kwanza cha Duma kilikuwa cha 9.4. Mwezi wa kumi na tatu nilianza kuona nguzo zinasimamiwa tena, na nikajua nimechelewa. Kutoroka kulikuwa kumekoma kipindi chote kile. Kuwabwekea waendesha baiskeli hakukukoma hata siku moja, na kwa hilo tunakwenda kwa mkufunzi kila Jumamosi. Kijiti cha pili kiliwekwa mwezi wa Machi. Kwenye simu yangu kengele imewekwa tarehe moja Februari, na nyingine kwenye simu ya mke wangu.